Boksi la Nywele na Njia ya Van Reenen

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya Februari, Mama Julienne alifungua kabati la saluni yake katikati ya Durban akapiga yowe. Boksi la nywele za bandia za bibi harusi halipo! Kufuli zima, hakuna kilichovunjwa.

Nje, mteja wake Scola alikuwa ameegemea pua ya van, na dera lake jeupe la kuendea harusi hiyo, akitafuta simu mkobani. Akakimbilia ndani. Julienne akashusha shata la chuma nyuma yake.

"Hakuna kutoka! Polisi wanakuja."

Wakabaki wanne kwenye joto la kukaba roho: Julienne, msusi wake Peguy, Anatole, mdogo wake Julienne wa kiume, anayemletea mzigo wa nywele kutoka Johannesburg, na Scola, Mtanzania aliyeendesha lori barabara hiyohiyo miaka kumi na moja. Funguo za shata na kabati ziko seti tatu: ya Julienne, ya Peguy, ya Anatole. Mlinzi wa jirani alisikia shata likipandishwa jana saa mbili na nusu usiku.

Peguy alisogea kwenye sinki, mbali na mlango. Karatasi yake ya ukimbizi iliisha muda Jumanne. Polisi wakimkuta tu, kwisha habari yake.

"Mama, haki ya Mungu, si mimi."

"Sasa ni nani? Anatole alikuwa kwa barabara!"

Scola akaomba maji ya kunywa.

"Maji iko wapi?" Julienne alifoka. "Mtaa mzima bomba kavu tangu Jumatano!"

Scola akamgeukia Anatole. "Kaka, hiyo van nje ndiyo uliyokuja nayo?"

"Ndiyo. Nilitoka Joburg saa kumi na mbili jioni. Duka la jumla lilifungwa, nikarudi mikono mitupu. Saa sita usiku niko hapa, nikalala ndani ya van."

"Saa mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Warden, katikati ya njia. Kwa ile majani haiishi."

"Napajua, bwana. Villiers mpaka Harrismith ni majani matupu, ndipo uteremke mlima wa Van Reenen, njia ya mikokoteni ya ng'ombe zamani hizo. Ulisimama popote?"

"Pampu tu, mafuta."

Scola akalivuta dera lake mbele ya macho yao. "Tazameni. Nimeegemea pua ya van yake. Mnaona hata ubawa mmoja wa mdudu? Februari, usiku, kwenye majani yale, wadudu wanajaa mpaka namba haisomeki!"

"Pampu waliosha."

"Pampu wanafuta kioo tu, acha hizo. Pua uliosha na maji gani hapa? Wewe Joburg hukwenda."

Anatole aliangalia shata, akamwangalia dada yake. Pa kukimbilia hakuna.

"Iko chini ya kiti cha van," alisema. "Yaya, dada yangu, miaka tisa niko kwa ile barabara, nenda rudi, kama mfungwa. Unafungua saluni ya pili, kule Morningside, unampa Peguy aiendeshe, mtu wa mwaka moja! Nilitaka umfukuze."

Julienne alilia kwa hasira.

Shata likagongwa. Polisi. Peguy akajibanza nyuma ya sinki, maana wakiingia watadai karatasi za kila mtu. Julienne akajifuta machozi, akapandisha shata mpaka kiunoni, akainama.

"Eish, sorry, boksi tumeliona. Tulisahau tu pa kuliweka."

Wakaondoka wakinung'unika.

"Asante, yaya," Anatole alinong'ona.

"Mshukuru Peguy. Angekuwa na karatasi, saa hii ungekuwa kwa gari yao. Lete funguo, utoke."