Tupa ya Msumeno na Kucha za Sabina

Sabina wa Uyole ni mkulima wa viazi. Udongo wa huko ni mweusi, na ukishaingia chini ya ukucha hautoki kirahisi. Kila jioni Sabina alinawa bombani, akasugua vidole kwa gunzi la mahindi, na bado kucha zake zilibaki zimechanikachanika. Hakujali sana. Kiazi hakiulizi kimechimbwa na mkono gani.

Mumewe, Gerson, ni fundi seremala. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, karibu na barabara kuu, ambako malori hupita kutwa nzima. Gerson ni mtu mwema na mcheshi. Ana tatizo moja tu: anaamini hakuna kazi inayomshinda.

Binti yao, Tumpe, anafanya kazi Iringa. Huko alipata mchumba, jina lake Vitus, na sherehe ya kumuaga binti ikapangwa kufanyika nyumbani Uyole. Wakwe walituma mtandio mwembamba wa hariri kutoka Iringa. Siku ya sherehe, mama mzazi angemfunika Tumpe kwa mtandio ule, kisha angemtoa mbele ya wageni.

Kwa Sabina jambo hili halikuwa dogo. Yeye mwenyewe alifunikwa na jirani, kwa sababu mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Tangu Tumpe azaliwe, Sabina alikuwa akiisubiri siku ya kumfunika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

Mtandio ulipofika, aliukunjua kitandani autazame. Ukucha wa kidole gumba ukanasa. Uzi mmoja ukavutika. Sabina akaondoa mikono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Wifi yake, Faustina, dada wa Gerson, alikuwepo. Faustina ana duka la vitambaa Mwanjelwa na mikono yake ni laini. Aliurudisha uzi mahali pake kwa ncha ya sindano, taratibu, mpaka alama ikapotea. Kisha akasema, na hakusema kwa ubaya:

"Wifi, siku hiyo niachie mimi nimfunike. Mikono yako itaharibu mtandio wa watu."

Sabina akajibu kwamba wataona. Lakini moyo ulimuuma sana.

Jioni Gerson alimpigia Tumpe simu akamweleza. Tumpe hakuona shida kubwa. Alisema mama atafute tupa ya kucha, alainishe kingo. Wakati huohuo lori likapita likipiga honi. Gerson akasikia neno moja tu: tupa.

"Tupa mbona ninazo, mwanangu," akasema. "Tena za kila aina. Ondoa wasiwasi."

Fundi akisikia tupa, hafikirii kucha. Anafikiria kile chuma chenye meno cha kunolea msumeno na majembe. Gerson akachukua tupa yake ya msumeno, akaifuta vumbi kwenye suruali, akamkalisha mkewe kwenye benchi. Sabina alikuwa ametoka kufua, vidole bado vimelowa. Gerson akaanza kazi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa nguvu zote za fundi. Sabina alipolalamika kwamba kucha zinapata moto, akaambiwa avumilie, mvumilivu hula mbivu.

Usimcheke Gerson haraka. Wengi wetu tumewahi kushika kifaa kilichokuwa karibu badala ya kifaa kinachofaa.

Asubuhi yake kucha zilikuwa zimepasuka pembeni kuliko mwanzo. Kidole gumba kilikuwa chekundu na kinauma. Sabina hakumgombeza mumewe. Alikaa tu jikoni akikitazama kidole chake, na hilo ndilo lililomtisha Gerson. Faustina naye, alipopata habari, alianza kufanya mazoezi ya kufunika kwa kutumia sanamu ya dukani kwake.

Gerson hakuvumilia. Akaenda kwa jirani yao Bertha, ambaye hutengeneza kucha katika saluni moja Mwanjelwa. Akamweleza yote, tupa ikiwa mkononi. Bertha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyanyuka, akachukua pochi yake ya kazi, wakaja pamoja.

Alipokiona kile kidole gumba hakucheka tena. Alisema kisiguswe na tupa yoyote mpaka kipone. Kioshwe kwa sabuni na maji safi, kikaushwe, kifunikwe kwa plasta safi. Kikizidi kuvimba au kikitoa usaha, Sabina aende zahanati, asingoje.

"Sasa hii tupa yangu niitupe?" Gerson akauliza kwa unyonge.

"Usiitupe, Baba Tumpe. Irudishe kwenye msumeno. Ila isionane tena na mama."

Bertha akatoa tupa za kucha, akazipanga kwenye benchi. Moja ilikuwa ya chuma. Nyingine ilikuwa kijiti kilichobandikwa msasa. Ya mwisho ilikuwa ya kioo. Akamgeukia Gerson.

"Wewe ni fundi, nikuulize. Msasa namba themanini unafanyia nini?"

"Hiyo inakwangua, mbao ikiwa na mabonde."

"Na mia mbili arobaini?"

"Hiyo ya kumalizia. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini."

"Basi na tupa za kucha ni hivyohivyo. Namba mia moja ni ya kucha za bandia. Ukucha wako wa kuzaliwa unataka mia mbili arobaini, au mia moja na themanini kama ni mgumu na haujapasuka. Ya chuma, nyingi zina meno makali. Mtu mwenye kucha kama za mama aiache. Haya, mbao mbichi unaipiga msasa?"

Gerson akatikisa kichwa. Mbao mbichi haipigwi msasa, inatoa manyoya. Akakumbuka vidole vilivyolowa.

"Na unasugua kwenda na kurudi, unakata nyuzi zake?"

"Nafuata upande mmoja," Gerson akajibu kwa sauti ndogo. "Kumbe yote haya nilikuwa nayajua."

"Ulikuwa unayajua kwa mbao. Mama hukumpa hata heshima ya mbao."

Hapo Sabina akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bertha akaonyesha kwenye kidole cha Sabina kisicho na jeraha. Mikono ioshwe kwanza, kisha ikaushwe kabisa. Ukucha mrefu ukatwe kidogo kwa kikata kucha. Halafu tupa ianzie pembeni ielekee katikati, inyanyuliwe, irudi pembeni, ianze tena. Isichimbe kwenye kona, kwa sababu huko ndiko ukucha hudhoofika na kupasuka. Ukishakuwa laini, yapakwe mafuta ya mgando au ya alizeti kwenye ukucha na ngozi inayouzunguka. Na shambani, Sabina avae glovu.

Sabina alichagua tupa ya kioo, kwa kuwa inaoshwa kwa sabuni na inadumu, mradi isidondoke. Ya msasa nayo ni nzuri, Bertha alisema, lakini haioshwi ikatakata, na ikichakaa inatupwa.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo tupa ya kutupa," Sabina akadakia.

"Ndiyo. Na kila mtu awe na yake. Tupa haiazimwi, kama mswaki. Fangasi na vijidudu hupita humo."

"Ndaga fijo," Sabina akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Gerson alimkalisha mkewe kwenye benchi. Alikwenda polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, akipuliza vumbi la kila ukucha. Mafundi wenzake walimtania. Akawajibu kwamba hii ni mbao ghali. Sehemu zilizopasuka zilikua zikakatwa, na kidole gumba kikapona.

Siku ya sherehe ikafika. Chumbani, Faustina alikuwa amekwisha kusimama karibu na mtandio. Sabina akanyoosha mikono. Ilikuwa bado mikono ya mkulima, yenye ngozi ngumu na alama za jembe. Lakini kucha zilikuwa fupi, za mviringo, laini kila upande. Faustina akapitisha kidole juu ya kila ukucha akitafuta pa kunasa. Hakupaona.

"Wifi," akasema, "mfunike mwanao."

Sabina akaukunjua mtandio. Ukateleza mikononi mwake, ukatua kichwani mwa Tumpe bila uzi hata mmoja kuvutika. Tumpe, akiwa humo ndani, alivishika vidole vya mama yake na kuuliza ni saluni gani imemtengeneza vizuri hivyo.

"Baba yako," Sabina akamnong'oneza.

Kwao, binti anayeagwa hutoka analia, au walau hujifanya analia. Tumpe alitoka huku mtandio ukitikisika kwa kicheko, na wageni wa Iringa wakabaki kutazamana. Aliyelia alikuwa mama yake. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mtandio.