Kambi Yenye Taa, Kambi Yenye Miti

Hakuwa na mke. Hakuwa na kaka wa kumtuma kuposa wala maneno matamu. Tela la kulala alikuwa nalo, kalichomelea kwa mkono wake, ila hakujua kulipigia rivasi. Hili la mwisho Fundi alilificha kama kidonda.

Muuguzi alimkuta kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Alikuwa na gauni la kijani na viatu vya kazini, akaligonga lile tela kwa kucha.

"Nyumba hii ina mwenyewe, au nihamie?"

Fundi alicheka hadi akasahau kufunga tangi.

Wakapendana. Likizo ilipofika wakasafiri, mama yake Muuguzi kiti cha nyuma kama askari. Usiku wanawake walilala kwenye tela, Fundi garini. Kambi za biashara zilikuwa na taa, maji ya moto na mlinzi, lakini nafasi zilibanana kama meno. Kila tela liliingia kinyumenyume, wenyeji wamekaa vitini wakitazama. Kambi za umma zilikuwa na bomba moja na choo cha shimo, ila unaingia huku unatokea kule.

"Mpenzi, pale kuna maji ya moto," Muuguzi akaonyesha geti lenye taa.

"Mbele kuna hewa safi, roho yangu."

"Jana hewa, juzi hewa. Mimi tairi?"

"Mkwe," mama akadakia, "huko kwako hata mbu wanatuonea huruma."

Geti la tatu lenye taa Fundi akalipita, jasho likimtiririka. Muuguzi akasema polepole, "Unanificha. Mimi mjane, tena nimekuzidi umri. Unaona haya tukionekana."

Kwa aibu Fundi akakanyaga mafuta kuelekea kambi ya miti. Asubuhi mama na mwana wakapanda basi.

Alipiga simu hadi ikapokelewa.

"Ni mimi."

"Mimi gani?"

"Sikukuficha wewe."

"Ulimficha nani basi?"

"Ni habari ndefu."

"Unaona? Mdomo wako unanizungusha. Niandikie, na uandike kweli."

Akaandika: *Sikukuonea haya wewe. Sijui kupiga rivasi. Nakuomba twende kwenye kambi iliyojaa watu, usimame nyuma ya tela uniongoze, wote watazame, hata nikigonga mti. Kisha wakiuliza huyo ni nani, nijibu ni mke wangu. Utakubali?*

Akaisoma, akaiona fupi, akaogopa kuongeza. Alilamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda posta kwa haraka na kuitumbukiza kabla moyo haujageuka.