Figo Ina Njaa

Dirisha la dawa lilifunguliwa, mfamasia akataja jina la dawa kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi, na watu wawili wakasimama kwa pamoja.

Mmoja alikuwa msusi, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijani na kilemba cha rangi ya chungwa, barakoa usoni kwa sababu alishakatazwa kukaa karibu na watu wenye mafua. Wa pili alikuwa mchora mabango. Huyo hakuhitaji kujitambulisha, rangi ilikuwa imejaa kwenye kucha zake, ingawa shati lake jeupe lilipigwa pasi likapigika. Ukumbi ulikuwa umefurika watu, watoto wanalia, benchi hazitoshi.

"Samahani bibie, nadhani hizo ni zangu," alisema mchoraji.

"Zako kwa lipi? Mimi ndiye niliyepandikizwa figo. Wewe umepandikizwa nini, ubishi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mchoraji naye akacheka, na kicheko chake kikampendeza msusi hata kabla hajamtazama vizuri.

"Si za kunywa mimi. Za mdogo wangu. Nilimpa figo, na sasa nimekuwa tarishi wake."

Hapo msusi akaacha utani. Yeye mwenyewe alikuwa hai kwa figo ya dada yake, na tangu siku ile hakuweza kumwona mtu aliyetoa kiungo chake bila kumkumbuka dada yake. Akampisha atangulie dirishani. Mchoraji akakataa, akampisha yeye. Wakapishana hivyo mpaka mfamasia akauliza kama wamekuja kuchukua dawa au kuchumbiana.

Basi ndiyo ikawa hivyo. Simu za asubuhi, simu za jioni, simu za kuuliza tu umekula nini. Msusi alikuwa ameapa kwamba hatapenda tena. Mwanamume wa kwanza alimkimbia siku alipoliona kovu, akisema hawezi kuoa mtu anayeishi kwa kiungo cha kuazima. Lakini mchoraji alipoliona aliliwekea kiganja tu, pale mbele, chini ya kitovu upande wa kulia, akauliza, "Ndiye huyu? Hujambo wewe?" Jamani, moyo wa mtu utafanyaje?

"Mpangaji wangu hajambo?" dada yake alikuwa akiuliza kila akipiga simu. Mpangaji ni figo.

"Hajambo, dada. Amepata shemeji."

"Mh! Huyo shemeji ana kwao? Umeshawaona watu wake?"

"Ana mdogo wake tu. Naye anaumwa, kila nikitaka kumsalimia nakuta amelala."

"Analala mchana na usiku?"

"Dada, usianze."

Kulikuwa na jambo moja walilolifanyia mzaha. Dawa zile humfanya mtu atetemeke mikono, na msusi hakuwahi kushika kichwa cha mteja asubuhi kabla mikono haijatulia, maana mistari ingekwenda upogo. Siku moja walikaa mkahawani, vikombe viwili vya chai mbele yao, na vikombe vyote viwili vikawa vinagongagonga visahani.

"Mimi najulikana," msusi alisema. "Wewe mwenzangu unatetemeka nini?"

"Wewe unatetemeka kwa dawa. Mimi natetemeka kwa ajili yako."

"Maneno hayo umeshawapa wangapi?"

"Wewe ni wa kwanza. Muulize kikombe."

Akacheka mpaka chai ikamwagikia gauni. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfumba macho. Mchoraji alipokuja kumchorea bango la saluni, alifuta herufi akarudia, akafuta tena, na bado zikayumba. Bango la duka la jirani, alilolichora yeye huyo huyo zamani, lilikuwa limenyooka kabisa. Msusi aliyaona yote mawili, akapitisha macho.

Kisha akaalikwa chakula nyumbani.

Nyumba ilikuwa safi mno. Sebule ndogo, harufu ya rangi na mafuta ya taa, na mwisho wa ukumbi mlango mmoja wa bluu uliofungwa. Alipopita karibu na mlango ule, baridi ilimpanda miguuni kupitia uwazi wa chini, na jua lilikuwa bado kali nje. Akajiambia labda dirisha la huko limeachwa wazi.

Ilipotimu saa moja ya jioni simu yake ikalia, saa ya dawa. Akatia mkono mkobani. Na hapo hapo, kutoka nyuma ya mlango wa bluu, sauti ya mwanamume ikapaa kwa kicheko:

"Figo ina njaa! Haya, amkeni, figo ina njaa!"

Mchoraji aliinuka kabla sauti haijamaliza. Akajaza glasi ya maji, akaingia chumbani, akausukuma mlango nyuma yake. Msusi akamsikia ananong'ona, "Kunywa. Kunywa umalize." Ikafuata sauti ya mtu kumeza, koo lile likipokea maji kwa shida. Alipotoka, glasi ilikuwa tupu.

"Shemeji yuko macho leo!" msusi alisimama, akanyoosha gauni. "Acha nimsalimie japo mlangoni."

"Amelala."

"Amelala vipi na mimi nimemsikia anacheka?"

"Nimesema amelala!"

Hakuwahi kumfokea. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho, na akasimama mbele ya mlango ule mikono imetanda. Msusi akahisi kitu kinavunjika kifuani mwake, kwa sababu alidhani ameelewa.

"Unanionea haya," alisema taratibu. "Hutaki ndugu yako ajue umeokota mgonjwa mwingine."

"Sivyo hata kidogo."

"Basi nifungulie."

Mchoraji akainamisha kichwa. Hakufungua. Msusi akameza dawa zake kwa chai iliyopoa, akabeba mkoba wake, akaondoka analia njia nzima bila kujificha.

Simu zikapigwa, hakupokea. Ujumbe ukaja, "Nakuomba univumilie," akaufuta. Dada yake akamwambia, "Mwache aende zake, mwanamume wa kukuficha si mwanamume," naye akaitikia ndiyo, na usiku akalala na simu mkononi. Alimpenda, na kumpenda kulimuuma kuliko kovu lilipokuwa bichi.

Siku moja jioni akaja saluni mama mwenye nyumba, yule mwenye nyumba alikopanga mchoraji. Alitaka twende kilioni, mtindo ule wa mistari ya kurudi nyuma. Msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa mama alipopiga mwayo, akasema:

"Mwanangu, yule mchoraji wako mbona siku hizi hutokei kwake? Anajivimbia tu mle ndani. Tangu amzike mdogo wake si yule tena."

Chanuo likamponyoka.

"Amzike nani?"

"Mdogo wake. Kwani hakukwambia? Kabla ya mvua za mwaka jana. Mimi mwenyewe nilikwenda mazikoni."

"Mama, mimi nimemsikia mdogo wake akicheka. Chumbani mwake. Si zamani."

Mama mwenye nyumba alimtazama kwenye kioo.

"Basi na wewe umesikia," alisema mwishowe. "Nilidhani ni haya masikio yangu ya uzee."

Nywele zilimsimama msusi. Na katikati ya hofu ile, akili yake ikaanza kuhesabu mambo mengine. Kama mdogo mtu yuko kaburini, dawa za kila mwezi zinakwenda wapi? Maiti hanywi maji, na glasi ilitoka tupu. Koo lile lilikuwa la nani? Akakumbuka kikombe kikigonga kisahani. Akainua macho kwenye bango lake mwenyewe, herufi zinayumba, zinatetemeka vile vile anavyotetemeka yeye asubuhi.

"Ee Mungu wangu. Anazimeza yeye."

"Nani? Unakwenda wapi? Na kichwa changu je? Nitatembea hivi nusu kwa nusu?"

Lakini msusi alikuwa ameshafika barabarani, kitana bado kimechomekwa kwenye kilemba.

Alikuta mlango wa nje haukufungwa. Wa bluu nao ulikuwa wazi nusu. Ndani kitanda kilitandikwa, shati la kijana limetundikwa kwenye msumari, maboksi ya dawa yamepangwa mpaka kiunoni, na juu ya mto simu iliyochomekwa kwenye chaji. Kwenye mto kulikuwa na shimo la kichwa cha mtu. Mchoraji alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, glasi mkono mmoja, vidonge mkono wa pili. Miguu yake ilikuwa imevimba, alama za soksi zimezama kwenye nyama. Alama hizo msusi alizijua. Alikuwa nazo mwenyewe, kabla hawajamlaza kwenye mashine ya kusafisha damu.

Saa moja ikafika. Simu ikacheka juu ya mto: "Figo ina njaa! Haya, amkeni, figo ina njaa!"

"Usimeze!" Akamdaka mkono. Vidonge vikatawanyika sakafuni.

"Niache! Ni saa yake!"

"Saa ya nani? Mwenye saa amekufa!"

Mchoraji akatazama sakafu, kisha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu.

"Alijirekodi mwenyewe, iwe kengele yake ya dawa," alisema. "Alikuwa mcheshi, unaona? Lakini alichoka na dawa. Uso ulimvimba, mikono inatetemeka, akawa anazificha. Siku nilipogundua tukagombana. Nikamwambia, kama hutaki kuilisha, nirudishie figo yangu." Akajifuta pua kwa mkono. "Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho aliyoyasikia akiwa na akili zake. Figo ikakataliwa na mwili, homa ikampanda, akaenda. Nikamzika na kitu changu ndani yake. Baada ya hapo yakaanza maumivu."

"Maumivu wapi?"

Msusi alitegemea ataonyesha ubavuni, kwenye kovu lake, pale figo ilipotolewa. Mchoraji hakugusa ubavu. Akaweka kidole mbele, chini ya kitovu, upande wa kulia.

"Hapa. Kila ikifika saa moja, asubuhi na jioni. Huku hawakunigusa kwa kisu. Huku ndiko walikoiweka kwake."

Msusi alihisi figo yake mwenyewe, pale pale, imekuwa nzito. Baridi ya chumba ikamzunguka vifundo vya miguu.

"Nilijaribu kidonge kimoja," mchoraji aliendelea. "Yakaacha. Nikalala kwa mara ya kwanza. Basi nikaendelea na kadi yake dirishani, hakuna aliyeniuliza. Iko kule chini peke yake, haina wa kuilisha. Nailisha mimi."

"Nisikilize, mpenzi." Akapiga magoti mbele yake, akamshika uso. "Hizi dawa zinailinda figo ya kupewa, lakini ni kali. Hata sisi tunaozihitaji tunapimwa damu kila mara zisituumize. Wewe huna ya kupewa. Una moja, ya kuzaliwa nayo, na unaiua. Moja amekwenda nayo. Hii nyingine nani kakutuma umpelekee?"

"Nikiacha atakuwa peke yake."

"Na mimi je? Mimi niwe na nani?"

Alisema kwa sauti kubwa, bila aibu, machozi yanamwingia mdomoni. Mchoraji akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akaizima simu.

Daktari wa figo aliwagombeza wote wawili, hata asiye na kosa. Presha ilikuwa juu, figo imechoka, ila haijafa. Acha dawa hizo leo hii, alimwambia mchoraji, chumvi kidogo, vipimo usikose, tutaona. Mchoraji aliirudisha kadi ya mdogo wake dirishani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwenye kadi hii alifariki." Msusi alisimama nyuma yake amemshika shati.

Majibu ya vipimo yakaanza kuwa mazuri polepole. Mikono ikatulia, herufi zikanyooka. Mama mwenye nyumba alimaliziwa nusu yake ya pili bure, akasukwa huku amenuna, kisha akasamehe. Simu ya marehemu ilitolewa betri ikawekwa kabatini, na mlango wa bluu ukaachwa wazi kutwa. Maumivu tu ndiyo hayakuondoka. Kila ilipofika saa moja mchoraji alikunja uso akashika tumbo, na daktari alipopiga picha hakuona kitu.

Jioni moja msusi alikuwa jikoni kwa mchoraji anaosha vyombo simu yake ilipolia. Kabla hajafuta mikono, mchoraji alikuwa ameshasimama mbele yake na glasi ya maji, vidonge vyake msusi kwenye kisahani.

"Figo ina njaa," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, akajaribu kucheka. Mkono mmoja ulikuwa tumboni, jasho limemtoka usoni.

"Leo yameanza mapema?"

"Kunywa kwanza. Nataka niwe nakuletea maji haya kila siku. Asubuhi na jioni, mpaka tuzeeke."

"Hiyo ndiyo posa? Jikoni, na povu la sabuni mikononi?"

"Ndiyo hiyo. Dada yako nimeshampigia. Amesema nisimcheleweshe mpangaji wake."

Msusi akacheka, akalia kidogo, akaitikia ndiyo. Kisha akatia vidonge mdomoni, akanywa maji yote.

Mchoraji akashtuka. Akauondoa mkono tumboni taratibu, akaurudisha, akabonyeza.

"Vipi?" msusi aliuliza.

"Yameacha." Akamtazama, macho yamemtoka. "Ulipomeza wewe, yameacha."

Wote wawili waligeuka kuutazama mlango wa bluu. Ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, mto umenyooka. Msusi akauchukua mkono wa mchoraji, akauweka juu ya kovu lake, na wakasimama hivyo mpaka maji ya kuoshea vyombo yakapoa.