Mtumiaji Asiye na Jina

Nenosiri lilikataliwa saa tatu asubuhi, jua likiwa kali dirishani na korido ya hospitali imejaa watu. Fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye maneno mengi waliyemwita Mama Nyaya, aliliandika tena polepole, herufi moja moja.

"Samahani, jaribu tena," mashine ikajibu.

Hilo halikumtisha. Kilichomkereketa ni kingine. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha mashine hiyo, ukiandika nenosiri kioo hakionyeshi kitu, hata nukta. Leo herufi zilionekana, na hazikuwa zake. Zilisomeka: TOKA.

"Vipi, dada?" mtaalamu wa maabara aliuliza kutoka mlangoni. "Kuna mzazi anavuja damu wodi ya uzazi. Kundi lake ni adimu, na majina ya wachangiaji damu yamo humo tu."

"Nipe dakika kumi."

Alikagua kitufe cha herufi kubwa. Akabadilisha kibodi. TOKA. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na feni za mashine zikaanza kuvuta pumzi na kuitoa, kama mtu aliyelala chali.

"Dada," mtaalamu alinong'ona, "hicho ni kitu. Tutoke, tukatafute mtu wa dua."

"Katafute wewe. Huyo mzazi atamsubiri?"

Akaizima mashine, akaiwasha kwa njia ya mafundi, ile ya dharura isiyouliza nenosiri. Akafungua orodha ya watumiaji. Chini ya jina lake palikuwa na mmoja asiye na jina, pengo tupu, aliyepewa mamlaka yote. Akaamuru afutwe.

"Haiwezekani. Mtumiaji huyu yumo ndani sasa hivi," mashine ikajibu.

Hapo ndipo baridi ilipomshika kisogoni, ikashuka mabegani, ikafika viganjani, na vidole virefu visivyoonekana vikajilaza juu ya vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, vikaanza kuisukuma mikono yake pembeni, huku sauti nyembamba, karibu kabisa na sikio, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo marehemu mama yake peke yake ndiye aliyelijua.

Machozi yalimtoka. Hasira nayo ikampanda.

"Jina hilo usilitie mdomoni," alisema, meno yakigongana. "Mimi hapa nimeajiriwa. Wewe umeajiriwa na nani?"

Akabonyeza kwa nguvu, akang'ang'ania kila herufi. Akasimamisha kazi zote za yule asiye na jina, akamfuta, akajiwekea nenosiri jipya. Feni zikakohoa, kisha zikavuma kama kawaida. Mashine ikawaka upya, ikampokea.

Dakika tano baadaye mwalimu mmoja wa shule ya jirani, aliyekutwa kwenye orodha ya wachangiaji, alikuwa mbioni kuja kutoa damu. Kabla ya adhuhuri mzazi alikuwa salama, na mtoto analia kwa sauti.

Kesho yake Mama Nyaya alifungua kumbukumbu za mashine. Tangu alipoondoka jioni, kuna aliyekuwa akijaribu kuingia. Mara elfu nne na ushei. Kila mstari uliishia na neno lile lile: amekataliwa. Akiwa bado anasoma, mikono yake ipo mapajani, mstari mwingine ukajiandika chini.

Amekataliwa.

Mtaalamu wa maabara, aliyekuwa akichungulia begani mwake, alirudi nyuma hatua mbili. Mama Nyaya akavuta kiti, akasogea karibu zaidi na kioo.

"Utachoka wewe," alisema, akaanza kazi za siku.