Mkono Uliopokea Matofali

Rajani alilisema jambo lile akiwa na chakula mdomoni, maana hakuona kama lina uzito wowote.

"Huyo bwana wa ndani mwiteni naye ale," alisema. "Tangu asubuhi anapanga tu, hajatoka hata mara moja."

Walikuwa wamejibanza kwenye kibaraza cha hekalu, watu kumi na wanne waliojitolea, wakila chiura, ule mchele uliopondwa, na viazi vya pilipili huku mvua ya Jumamosi ikiumwagikia mji wa Sankhu. Mzee Keshab, fundi mwashi aliyewasimamia, aliacha kutafuna.

"Bwana gani?"

"Wa stoo. Anayepokea matofali kwangu."

"Stoo hakuna mtu, mwanangu. Wa mwisho ni wewe. Si nilikwambia uyashushe chini, tutayapanga jioni?"

Maiya, muuza vitunguu wa hapo hapo Sankhu, aliangua kicheko. "Dada wa Patan keshajipatia bwana gizani! Siku ya kwanza tu! Sisi tunazeeka hapa, hata wa kutubebea ndoo hatujamwona."

Rajani alicheka kwa kuwa wengine walicheka. Ndivyo alivyofanya mambo yote tangu tetemeko la ardhi: alitazama wenzake wanafanya nini, naye akafanya.

Kazi yenyewe haikuwa na ujanja. Nyumba ya mahujaji kando ya hekalu ilikuwa imelala chini mwaka wa tatu sasa, na matofali yake ya kale yalitakiwa yaokolewe kabla mvua haijayamaliza. Watu walisimama mstari mmoja kutoka kwenye kifusi hadi stoo, chumba pekee kilichobaki kimesimama, hakina dirisha na balbu yake imekufa. Tofali lilipita mkono kwa mkono, kila mpokeaji akiita, "Leta lingine!" Rajani, kwa kuwa mgeni, aliwekwa mwisho kabisa, ndani ya kizingiti, uso gizani na mgongo kwenye mwanga. Aliponyoosha tofali la kwanza, mkono ulilipokea. La pili likapokelewa pia, na kutoka ndani, kwa sauti nzito ya mtu mwenye mafua, alisikia, "Leta lingine." Hakuona ajabu.

Keshab aliingia na tochi ya simu, wengine wakichungulia mlangoni. Matofali yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa kifua, yamenyooka kama yamepimwa kwa uzi, ncha nyembamba zikitazama nje. Mzee alipitisha kiganja juu yake.

"Babu yangu ndiye aliyepanga hivi," alinong'ona. "Mimi mwenyewe sijui."

"Khyak huyo," Maiya alisema, kicheko kimemwisha. "Jini la gizani. Linapenda stoo na dari, linachukia taa na chuma. Likikufanyia kazi liache lifanye, ila usiliambie asante."

Walitaka kumhamisha Rajani nafasi. Alikataa, na sababu hakuwaambia.

Mkono ule ulikuwa mgumu, kiganja kikavu, na chini ya kidole gumba palikuwa na sugu ya mviringo, pale pale mpini wa nyundo unapokaa. Mume wake, Purna, alikuwa mhunzi. Jumamosi ya tetemeko ukuta wa karakana ulimfukia mwili mzima, ukabaki mkono mmoja nje, na Rajani alikaa chini ameushika kuanzia adhuhuri hadi askari walipofika kesho yake. Alihisi ukipoa. Hakulia siku ile, hakulia pale mtoni walipoichoma maiti yake, hakulia baadaye. Mama mkwe alisubiri alie, majirani wakasubiri, mwishowe wote wakachoka. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, upo, ila huuhisi kuwa wako.

Sasa kila Jumamosi alipanda mabasi mawili kutoka Patan ili akashikwe mkono.

Wiki ya tatu sindano ya cherehani ilimpita kidoleni akiwa anashona. Alijua kwa damu iliyochafua kitambaa cha mteja. Wiki ya tano alishika birika la moto, akalitua chini polepole huku akisikia harufu ya ngozi yake. Ganzi ya mkono wa kulia ilipanda hadi kwenye kiwiko. Haikumtisha. Hakuna kilichomtisha siku hizo, na hilo ndilo lilipaswa kumtisha.

Nyumbani alikuwa na binti, Asmi, wa miaka saba, na jiko la ghorofa ya juu ambako mama mkwe alitawala. Asmi alivaa shingoni pete ya chuma iliyotungwa kwenye uzi. Kila mwaka, siku ya Gathamuga, ile siku ya kufukuza majini, mtaa mzima ulikwenda kwa Purna kuchukua pete za chuma za kujikinga, na ya kwanza kufuliwa ilikuwa ya Asmi. Hii ilikuwa ya mwisho aliyomfulia. Ilikuwa haiingii tena kidoleni lakini mtoto alikuwa haivui, hata akioga.

Jumamosi jioni Asmi alilala mapajani pa mama yake na kusema, "Mama, nipapase." Rajani alimpapasa nywele na mashavu kwa mkono wa kulia, bila kuzihisi nywele wala mashavu.

"Mkono wako baridi," Asmi alisema mara ya kwanza, akijikunyata.

Mara ya nne hakusema kitu, wala hakujikunyata.

"Huyu mtoto ameacha kumlilia baba yake," mama mkwe alisema siku moja, akipepeta mchele.

"Si afadhali, mama?"

"Kucheka nako kaacha. Na pete yake nimeikuta ndani ya pipa la mchele. Namuuliza, ananikodolea macho tu. Jumamosi hii kaa na mwanao. Hao wa Sankhu hawana mikono yao?"

"Jumamosi ni Gathamuga, mama. Tumeahidi kumaliza."

"Gathamuga mtu anakaa kwake!"

"Nitarudi mapema."

Amekua tu, Rajani alijiambia. Ametulia kama mimi. Akaona ni jambo jema.

Siku ya Gathamuga sanamu za mabua zilikuwa zimesimama njia panda zote za Sankhu, zikisubiri kuburutwa mtoni. Maiya alikuja na pete za chuma amezitunga kwenye kamba kama vitunguu vyake.

"Leta kidole."

"Sitaki."

"Hutaki nini? Leo hata mbuzi wangu kavaa." Maiya aliudaka mkono wa kulia wa Rajani, akaugeuza, akaona kidonda cha birika. Sauti ikamshuka. "Dada. Hii imeoza. Imeoza, na wewe unanitazama kama nimekwambia bei ya vitunguu."

"Ni mume wangu," Rajani alisema. "Aliye mle ndani. Sugu yake naijua."

Maiya alijiziba mdomo. "Na mimi nilikutania habari za bwana. Ulimi wangu huu utaniua."

Mganga alikuwa amefika kupigilia misumari kwenye kizingiti cha stoo. Aliitwa Asharatna, mzee mkavu mwenye mwavuli na mfuko wa misumari, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko mapafu yake.

"Mumeo alifanya kazi gani?" aliuliza.

"Mhunzi."

"Basi jambo lenyewe jepesi." Akakohoa. "Khyak anaogopa chuma. Mhunzi atakiogopaje chuma? Mpe. Akipokea, nakusanya misumari yangu naondoka, mbaki naye. Asipopokea, nafunga mlango."

Rajani alikuwa na msumari mkobani, wa mwisho aliofua Purna, ambao ungekuwa pete ya Asmi ya mwaka ule wa tetemeko. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa na hakika, na hakika ilikuwa kitu cha kwanza kumwingia moyoni kwa miaka miwili na miezi mitatu.

Aliingia peke yake, saa sita mchana, tofali mikononi na msumari juu ya tofali, na mvua iliyokuwa nje ilionekana kusogea mbali kwa kila hatua, na harufu ya stoo, ile ya udongo mbichi na nywele zilizolowa, ikampanda puani kama siku zote, isipokuwa leo palikuwa na ukimya ndani yake, ukimya wa mtu anayezuia pumzi, naye akanyoosha mikono akasema, "Purna, ni mimi, shika," na mkono ukaja, ule ule, kiganja kigumu, sugu mahali pake, ukapapasa ukingo wa tofali, ukapanda juu yake kidole baada ya kidole, taratibu, kwa mapenzi, angeapa ni kwa mapenzi, mpaka ukaugusa msumari.

Ilisikika sauti ya chuma chekundu kinapotumbukizwa majini. Mkono ulirudi nyuma kwa ghafla, na kwa mwanga mdogo wa mlangoni Rajani aliuona ulivyo mrefu, una viwiko viwili, na ile sugu ikasawazika kiganjani na kupotea. Kiumbe kile kilikuwa kimeiazima tu. Kiliichukua kwenye kumbukumbu za Rajani mwenyewe, siku ya kwanza walipogusana. Tofali likamponyoka, likamwangukia mguuni.

Akahisi. Maumivu yalimpanda mguu mzima.

"Si yeye," alisema. Halafu akalisema tena kwa sauti kubwa, halafu maneno yakaisha na kilio kikatoka, kile kilichosubiriwa na mtaa mzima. Maiya aliingia mbio akambeba hadi kibarazani. Alilia mvua ikikatika na kuanza upya. Mkono wake wa kulia ulirudiwa na damu, ukawaka na kuvimba kama umechomekwa kwenye mchanga wa moto, naye aliupenda ule uchungu. Purna amekufa, aliwaza, na kwa mara ya kwanza aliyaelewa maneno hayo.

Asharatna alipigilia misumari saba.

"Kimetoka?" Keshab aliuliza.

"Humu hakimo." Mganga aliitazama nyundo yake. "Lakini huwa kinagonga kutoka ndani ninapopigilia. Hiki hakikugonga. Kama vile kilishapata pengine pa kulala." Akakohoa, akafungua mwavuli. "Mimi kazi yangu ni mlango huu tu."

Maiya alimvisha Rajani pete kwenye mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevimba.

Alilia ndani ya mabasi yote mawili. Alitaka kitu kimoja tu: kumshika Asmi kwa mkono huu uliofufuka. Wiki nyingi alikuwa amempapasa mtoto wake bila kujua nywele zake zikoje.

Mama mkwe alimpokea chini ya ngazi, pete ya Asmi mkononi.

"Hataki kuvaa," alinong'ona. "Nilimvisha kwa nguvu, akalia inamchoma. Pete ya baba yake mzazi! Na imemwachia alama shingoni, nimeiona kwa macho yangu. Kazima na taa. Anasema inamuumiza."

Rajani alipanda. Jikoni mlikuwa na giza na harufu ya nywele zilizolowa. Asmi alikuwa amechuchumaa ukutani mbele ya magunzi ya mahindi aliyoyapanga hadi usawa wa kifua chake, yamenyooka, ncha nyembamba zikitazama nje.

"Asmi. Mama amerudi."

Akamshika mkono. Ngozi yake mpya ilihisi kila kitu: kucha ndogo, vumbi la magunzi, na baridi, baridi ile ile aliyoishika karakanani tangu adhuhuri hadi asubuhi. Mkono wa mtoto ulikuwa hivi tangu lini hakuweza kujua, kwa kuwa kila Jumamosi alimgusa kwa mkono usiohisi. Alipapasa chini ya kidole gumba. Palikuwa na sugu ya mviringo.

Asmi alijinasua taratibu, akanyoosha mkono tena, kiganja juu.

"Leta lingine," alisema.