Kihenge cha Tatu

Theodora wa Ilongero, jirani yetu, aliamka vizuri siku ile. Alimwamkia mama yake Agripina, akanywa chai na kiporo cha viazi, akapanda bodaboda kwenda Singida mjini, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Alikuwa akijifunza mfumo mpya wa kuendesha mitambo. Kila mtambo una kompyuta yake ndogo, na zote hupeleka habari kwenye skrini za chumba kimoja. Mtu anakaa kitini, anafungua valvu asiyoiona kwa macho.

Watu walishangaa alivyoipenda kazi ile. Mwaka uliopita kaka yake, Stefano, aliingia ndani ya kihenge cha tatu cha kiwanda hichohicho, ghala refu la chuma la kuwekea mbegu, kupasua alizeti iliyogandamana. Mbegu zikaporomoka, zikamfunika. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mama yao hakufika pale. Alipokea jeneza tu.

"Nataka mashine ijue kama mtu yuko ndani," Theodora alikuwa akiwajibu.

Vihenge vyote sasa vilikalia mizani.

Asubuhi ile fundi mkuu, mzee Mughwai, alimwambia ajaze kihenge cha tatu mwenyewe, yeye akiangalia. Kilikuwa kimefagiwa, kitupu kabisa. Theodora akatazama skrini.

Kilo sitini na moja.

"Sensa inadanganya hiyo," Mughwai alisema. "Irudishe sifuri."

Akairudisha. Ikasoma sifuri. Akapeleka mkono kwenye kitufe cha kujazia.

Sitini na moja.

Walishuka, wakafungua mlango wa chini, wakamulika tochi. Chuma tupu. Mughwai akawaita vibarua wote kwa majina, nao wakaitikia wote, kila mmoja kutoka nje. Waliporudi chumbani, tarakimu zilikuwa zikicheza. Zinapanda kidogo. Zinashuka. Kama kifua cha mtu aliyelala.

"Fundi, sijazi," Theodora alisema.

"Malori ya Iguguno yamepanga foleni getini, binti."

"Mfumo umesema kuna mtu. Si ndivyo ulivyonifundisha? Ukisema kuna mtu, usiguse."

Mughwai aliitazama tena skrini. Akavua kofia yake.

"Kamlete mama yenu," akanong'ona.

Agripina alifika jua likiwa utosini. Hakulia. Mughwai alibaki kwenye skrini, Theodora akamshika mama yake mkono hadi penye kihenge. Mama akaweka kiganja juu ya chuma, akaanza kuita kwa Kinyaturu, kwa sauti ileile na maneno yaleyale aliyozoea kumwitia Stefano alipokawia na ng'ombe malishoni. Jina lake. Kisha kwamba giza haliko mbali. Kwamba chakula kipo. Kwamba amekaa huku vya kutosha, sasa warudi nyumbani.

Ndani, kitu kikaburuzika.

Polepole. Kikaja mpaka mlangoni. Kikatulia.

Redio ya mkononi ya Theodora ikakwaruza. "Sifuri," sauti ya Mughwai ilisema. "Imeshuka sifuri."

Mama akageuka, akaanza kutembea. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Walirudi kwa pikipiki ya Frank, kijana wa palepale Ilongero. Kabla hawajatoka mjini akapunguza mwendo, akainama kutazama gurudumu la nyuma.

"Mama, mmepakia nini? Chombo kinaelemewa."

"Nenda taratibu, mwanangu," Agripina alimjibu. "Asidondoke."

Frank akaendesha taratibu hadi walipofika.

Chumba cha Stefano hakikuwa kimefunguliwa tangu mazishi. Ufunguo mama alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Akafungua, akasimama kando ya mlango, kama mtu anayempisha mwenzake. Chaga za kitanda zikalia. Godoro likabonyea katikati, mbele ya macho yao. Theodora akapeleka mkono.

Palikuwa na joto.

Mama alichukua blanketi, akalitandaza juu ya lile bonde, akalivuta hadi pale ambapo mabega yangekuwa. "Alikuwa amechoka mwanangu," alisema. Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho siku ya jeneza hakikutoka, na Theodora akalia naye, wakiwa wamekaa sakafuni, hadi sauti zikawakauka.

Asubuhi Theodora alipoingia, godoro lilikuwa limeinuka. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri miguuni. Juu ya shuka palikuwa na maganda ya alizeti, konzi moja, yaliyopasuliwa kwa meno.

Yalikuwa bado na mate.