Ndama wa Elema na Maji ya Bwawani

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kwa Waborana. Jaldesa alikuwa ameondoka na ng'ombe wakubwa kutafuta malisho ya mbali. Nyumbani walibaki mkewe Elema na Kabale, mama yake Jaldesa, pamoja na ndama wanne ambao hawakuweza safari. Elema aliteka maji kisimani, akawapa ndama kidogo kidogo, ya kulowesha koo tu. Chumvi ya kulamba ilikuwa imekwisha zamani.

Kisha mvua ikanyesha, bwawa likajaa. Elema alifungua zizi, ndama wakakimbilia maji. Walikunywa mpaka matumbo yakavimba, naye akawaacha wakate kiu. Jirani yake Tume alipita na dumu lake, akasema ndama wale wamependeza.

Jioni, ndama wawili walikojoa mkojo mwekundu. Mmoja wao alipepesuka, akaanguka, akatetemeka. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Kabale alisema hilo ni jicho la Tume. Tume mwenyewe alipoteza ndama mwaka uliopita. Ataachaje kuona wivu? Maneno hayo yalimwingia Elema. Tume alipokuja kuuliza kuna nini, alimkuta Elema amesimama mlangoni mwa zizi.

"Rudi kwako, Tume. Umetazama vya kutosha."

"Elema, mimi ndiye niliyekupokelea mtoto ulipojifungua."

"Nimesema rudi."

Tume akageuka, akaondoka.

Asubuhi alifika Godana, daktari wa mifugo. Elema alishangaa, maana hakumwita. Godana alisema Tume amemfuata mpaka nyumbani, hata chai hakumwacha amalize. Elema akainamisha kichwa.

Godana alimpima joto yule ndama mgonjwa, akamkagua masikio na mapaja. Hakukuwa na homa wala kupe. Akauliza ndama walikunywaje maji, Elema akamweleza yote, hata maneno ya jicho.

"Basi hapa hakuna jicho la mtu," Godana alisema. "Ni maji. Mwili wa ndama, kama wako na wangu, umejengwa kwa seli. Ni vitu vidogo sana, huvioni kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Huo ndio mlango wake: unachagua kiingie nini, kitoke nini. Ndani kuna ute, na kazi nyingi za seli hufanyika humo."

"Na nani anaiongoza?" Elema aliuliza.

"Kiini. Kiko ndani ya seli, kimehifadhi maagizo yote. Humo kwenye ute, ribosomu hufuata maagizo hayo na kutengeneza protini, zile za kujengea mwili. Mitokondria hutumia chakula na hewa kuipa seli nguvu. Lakini seli nyekundu ya damu imeacha vyote hivyo, hata kiini, ili ipate nafasi ya kubeba hewa. Imebaki mfuko wenye rangi nyekundu."

"Sasa maji yameifanya nini?"

"Ndama aliyekosa maji na chumvi, akinywa mengi kwa mara moja, damu yake huwa nyepesi ghafla. Maji hupenya utando, seli ikavimba, ikapasuka. Ile rangi ndiyo uliyoiona kwenye mkojo. Seli za ubongo nazo huvimba. Ndiyo maana yule mwingine alianguka."

Elema alitazama nje. "Majani yamelala majini tangu mvua inyeshe. Mbona hayapasuki?"

"Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Ya mnyama haina ukuta. Ina utando peke yake."

Kabale aliuliza kama daktari ana hakika. Godana alimjibu kwa upole, "Nina hakika, mama." Akamtilia ndama mgonjwa dawa ya chumvi kwenye mshipa. Akaagiza wote watatu wapewe maji kidogo, mara nyingi kwa siku, na chumvi ya kulamba. Akaonya wasijaribu kuchanganya dawa ile wenyewe, na kwamba mkojo mwekundu una sababu nyingi, hivyo waite daktari kila wauonapo.

Siku zilizofuata mkojo ulirudia rangi yake ya kawaida. Elema alikwenda kwa Tume. Alimkuta akikamua mbuzi, akachuchumaa kando yake.

"Nilikukosea," alisema.

"Ulinikosea," Tume alikubali. Aliendelea kukamua. Baadaye akasogea, akamwachia nafasi ya kukaa.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali vilevile. Mvua ilipokuja, Elema na Tume waliwapeleka ndama wao bwawani pamoja. Kila ndama alipewa mafunda machache, akavutwa pembeni, akapumzishwa, kisha akarudishwa. Ndama walilia na kupiga mateke. Kabale alisimama njiani akiwazuia kwa fimbo, akiwafokea watu waliokuwa wakiachia mifugo yao ovyo.

"Seli zao hazina ukuta," aliwaambia. "Mnataka zipasuke?"

Mwaka ule hakuna ndama wao aliyekufa.